Mkia Uko Wapi?

Nguruwe wa Ulaya ana haki zake, tena kwa maandishi. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2008 linamhakikishia mwanga wa laksi 40 kwa saa 8 kila siku, na linakataza kelele ya mfululizo inayofikia desibeli 85 bandani mwake. (Wapangaji wa jirani na baa, mmesikia?) Akiwa na kilo 100 anastahili nafasi ya mita ya mraba 0.65. Si 0.64.

Sasa tuje kwenye mkia. Kuukata kwa mazoea ni marufuku. Sharti kuwe na ushahidi wa majeraha ya kung'atana, tena baada ya mfugaji kujaribu kwanza kurekebisha mazingira. Ajabu ni kwamba katika nchi nyingi za Umoja huo karibu kila nguruwe amekuwa kesi ya kipekee! Finland na Sweden zimekataa mchezo huo; kwao mikia ipo.

Nguruwe asiye na la kufanya huutafuna mkia wa mwenzake. Dawa inajulikana: mpe mabua makavu afukue. Lakini mabua huziba sakafu ya matundu ambako samadi hupita, na kuzibua ni gharama. Basi anatundikiwa kipande cha mnyororo achezee, mkaguzi anatia tiki, nyama inabandikwa nembo.

Nawe mnunuzi, nembo ukishaisoma, muulize muuzaji habari za mkia.