Wapagazi wa Desemba

Anayesema mstaafu anapumzika hajafika Goweko, mkoani Tabora, mwezi wa Desemba. Sheria humtoa mtumishi wa umma kazini akitimiza miaka 60. Haikutaja nani atamtoa shambani. Mvua imeshika, mahindi yanadai palizi, na hapo ndipo wana wa Dar es Salaam wanapokumbuka kuwa watoto wao hawaijui asili. Basi asili inaletwa kwa treni: wajukuu, mabegi, chaja, na mmoja asiyekula ugali. Babu anakimbizana na jogoo wa Krismasi. Bibi anachambua mchele wa pilau ya watu waliompigia simu kusema, “Mama, usijisumbue.”

Enzi za misafara, Wanyamwezi wa huku walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, na walipatana ujira kwanza. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, mizigo ikatoka mabegani. Ya wazee haikutoka. Januari wageni wanarudi pwani na madumu ya asali, gunia la karanga na kuku waliofungwa miguu. Ujira? “Tutawatumia kitu kwenye simu.” Kitu chenyewe hakijafika, labda kinakuja kwa miguu.