Ukurasa Mweupe

Kwamkoro ukiamka saa kumi na mbili asubuhi huoni hata choo cha jirani. Ukungu. Ila ukungu wa hapa una adabu: ikifika saa nne unanyanyuka, mashamba ya chai yanaonekana, na wachumaji na vikapu vyao mgongoni. Weupe uliojaa kwenye kioo cha laptopu yangu wiki nzima haukunyanyuka saa nne wala saa kumi.

Kazi yenyewe ndogo. Kikundi cha wakulima wadogo kinataka kilo za majani mabichi ziandikwe kwenye kompyuta, daftari limechoka kulowa. Nikaandika programu kwa PHP, nikaigawa madarasa: Mkulima, Mzigo, Mizani. Kwenye laptopu ilikwenda kama bodaboda aliyezima injini akiteremkia Muheza. Nikaipeleka kwenye seva ya kupanga. Ukurasa mweupe. Hakuna kosa, hakuna onyo, hata samahani hakuna.

Nikawasha kila kitu kinachoonyesha makosa. Weupe. Nikafungua faili linalorekodi makosa, nikalikuta tupu kama pochi ya tarehe ishirini.

"Unatafuta nini, mwanangu?" akauliza mjomba, mweka hazina wa kikundi.

"Darasa, mjomba. Halipakiki."

"La shule ya msingi?"

"La Mizani."

"Mizani si hiyo hapo mlangoni?"

Huku kwetu hakuna kiumbe kinachougua kimyakimya. Hondohondo wakipita juu ya msitu wa Amani, mabawa yao unayasikia kabla hujawaona. Mbega wakigombana, tarafa nzima inajua. Mashine peke yake ndiyo iliyofundishwa kufa bila kukohoa.

Siku ya tano ndipo nikasoma vizuri mistari minne niliyoirithi kwa fundi aliyenitangulia, ile inayokwenda kutafuta faili la darasa kila darasa linapoitwa. Mbele ya include kuna @. Kwa usiyekijua, kialama hicho ni kiganja juu ya mdomo: amri hii ikikosea, PHP isiseme. Fundi alikerwa na maonyo ya faili lisilopatikana, akayaziba. Sasa kwenye PHP 5, ambayo ndiyo ya seva yangu, kiganja hicho kinafunika hata kosa la sarufi ndani ya faili linalopakiwa, lile linaloua programu palepale. Msiba umetokea, na jirani amekatazwa kulia.

Nikaifuta @. Jamani! Maandishi! Kosa la sarufi, faili la Mizani, mstari wa 43, alama ya kuuliza haikutarajiwa. Nilikuwa nimeandika ??, alama pacha zilizokuja na PHP 7 mwaka 2015. Laptopu yangu inazijua, seva haijawahi kuzisikia. Siku tano zimeliwa na alama mbili za kuuliza, na wa kuulizwa kazibwa mdomo.

Mjomba hajawahi kuona mtu anashangilia kosa. Akanisogezea chai, akakaa mbali kidogo.

Ndugu mwenye seva, PHP 8 ilitoka mwaka 2020, na humo @ haina tena ruhusa ya kuficha makosa ya kuua. Hiyo 5 yako iliacha kupewa marekebisho mwisho wa mwaka 2018. Tangu hapo hata mama mkwe wangu ameacha kibatari, anatumia sola.