Altimita Nyuma ya Mbao

Ndege ilikuwa futi 2,500 juu ya mkondo wa Zanzibar, anga nyeupe, upepo mtulivu, altimita, ile geji ya kimo, ikatoweka. Haikuharibika. Ilikuwa imerukia skrini nyingine na kulaliwa na dira, dira nayo ikalaliwa na geji ya mwendo, zote zimebanana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Rubani, ambaye ndiye mwandishi wa safu hii, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki sebuleni kwake Tabata, kifua wazi, amejifunga kikoi. Chanzo cha tukio ni mkewe, Mama Asha. Alibonyeza kitufe kimoja tu cha rimoti, maana tamthilia yake ilikuwa imeanza.

Simuleta ya ndege hukupa chumba kizima cha rubani kwenye skrini moja ya kompyuta. Ubaya wake ni kwamba ukishusha macho usome geji, njia ya kutua inakupotea. Ukiinua macho uitafute njia, geji zinakupotea. Dawa ni kuzibandua. Kila geji inaweza kutolewa kwenye dashibodi ikawa dirisha dogo linalojitegemea, ukalikokota kwa kipanya hadi skrini ya pili. Mwandishi hana skrini ya pili. Ana televisheni ya familia.

Ndege yake ni Cessna 172, ile ndogo yenye mabawa juu ya paa, iliyoanza kuruka mwaka 1955 na kuundwa kwa idadi inayozidi 40,000. Safari anayoipenda ni Dar es Salaam hadi Zanzibar, kama kilomita 72, dakika ishirini hivi. Ni safari ya mvivu: unanyoosha pua kaskazini, na njia ya kutua kule Unguja nayo imelala kusini hadi kaskazini, kana kwamba imetandikwa kwa ajili yako. Tatizo ni maandalizi. Kubandua geji sita, kuzikokota, kuzipunguza ukubwa na kuzipanga kulimchukua dakika kumi na moja kwa saa ya ukutani. Kisha akizima kompyuta, simuleta inasahau yote. Kesho yake geji zimerudi kwenye dashibodi, zimekaa kimya kama watoto waliovunja glasi.

Wenzake wa zamani hawakuyapata haya. Edwin Link, mtoto wa mwenye kiwanda cha piano na vinanda huko Binghamton, jimbo la New York, alitengeneza mashine yake ya kufundishia urubani mwishoni mwa miaka ya 1920. Lilikuwa sanduku lenye vibawa vifupi, likiyumbishwa kwa mivukuto na pampu za vinanda. Wateja wake wa mwanzo walikuwa wenye viwanja vya burudani. Watoto walipanda kama wanavyopanda bembea. Jeshi la Marekani lilinunua mashine sita mwaka 1934, baada ya marubani wake kadhaa kufa wakisafirisha barua katika hali mbaya ya hewa. Sanduku la Link liliyumba kila upande, lakini geji zake zilikuwa zimefungwa kwa skrubu.

Waingereza nao, kabla ya Vita Kuu ya Pili, walichagua geji sita za msingi na kuzipangia mahali pamoja katika ndege zao za kijeshi, ili rubani akihama ndege asianze kutafuta altimita gizani. Hata mwaka 1982, Microsoft Flight Simulator ya kwanza ilipotoka kwa kompyuta za IBM, dashibodi ilikaa nusu ya chini ya skrini na haikusogea. Ingesogea kwenda wapi?

Mwandishi alianza kwa kutia alama. Alibandika vipande vya gundi ya karatasi kwenye fremu ya televisheni: hapa geji ya mwendo, hapa upeo bandia unaoonyesha mwinamo wa ndege, hapa altimita. Vilidumu siku mbili, hadi shangazi alipokuja kufanya usafi na kuvibandua vyote, akilalamika kwamba watoto wa siku hizi hawafunzwi adabu.

Ndipo akaenda Keko kwa fundi seremala. Alitaka plaiwudi ya upana wa televisheni, yenye matundu sita ya mviringo, matatu juu na matatu chini. Wapenzi wa simuleta duniani kote hufanya hivyo: mbao inasimama mbele ya skrini, kila geji inachungulia kwenye tundu lake, na kwa mbali unaapa kwamba umekaa ndani ya ndege.

"Spika sita, bosi?" fundi aliuliza huku akipima. "Kwa chumba kimoja? Majirani watahama."

Mbao ilikuja nzuri, imepigwa msasa na rangi nyeusi. Lakini tundu halisamehe. Dirisha likikosea kwa upana wa kidole, altimita inakuwa nyuma ya plaiwudi na tundu linakuonyesha kitu kingine. Jioni ya kwanza, mahali pa altimita, mwandishi alipata pua ya msomaji wa taarifa ya habari.

Mwokozi alikuwa kiprogramu kidogo cha bure kinachohifadhi mahali pa madirisha. Kazi yake ni rahisi kuieleza: kila dirisha lina namba mbili, moja ya kushoto na kulia, moja ya juu na chini, zinazohesabiwa kwa pikseli kuanzia kona ya juu kushoto ya skrini kuu. Kiprogramu kinaziandika, na kesho kinalirudisha dirisha palepale. Kwa kuwa televisheni ilikuwa kushoto kwa kompyuta, namba zake za kushoto na kulia zilikuwa hasi, na ukingo wake wa mwisho ulikuwa hasi 1,920.

"Baba, hasi 1,920 iko wapi?" aliuliza Asha, ambaye shuleni walikuwa ndio kwanza wameanza namba hasi.

"Pale kwenye TV, karibu na kabati."

Alielewa papo hapo, na mwandishi akajiona mwalimu.

Mambo yalikwenda vizuri kwa wiki tatu. Kisha wakaja wageni kutoka Morogoro, makochi yakapangwa upya, televisheni ikahamia kulia. Mwandishi akairekebisha mipangilio ya kompyuta, lakini akasahau zile namba. Usiku ule kiprogramu kilizipeleka geji zote sita kwa uaminifu mkubwa hadi hasi 1,920, ambako sasa hapakuwa na skrini bali ukuta wenye kalenda. Ilibidi aziite moja moja kwa mbinu ya kale ya Windows: Alt na kitufe kirefu cha nafasi, kisha M, kisha mshale, hadi dirisha litokeze ukingoni kama kobe anayetoa kichwa.

Jumamosi iliyofuata alikuwa na namba mpya, zimeandikwa daftarini. Alipaa Dar salama. Karibu na Unguja, Mama Asha akapita na sahani ya maandazi, akasimama mbele ya mbao.

"Baba Asha, hii ya katikati imelala upande."

Kweli. Ule upeo bandia, nusu buluu na nusu kahawia, ulikuwa umeinama ndani ya tundu lake. Mwandishi alisonya, akaachia usukani, akashika kipanya na kuanza kulisogeza dirisha. Pikseli tatu kulia. Bado limeinama. Mbili juu. Sasa limeinama zaidi. Alikuwa anafungua daftari ahakikishe namba alipokumbuka kwamba dirisha la kompyuta huenda juu, chini, kushoto na kulia, lakini halijui kuinama.

Aligeukia skrini kuu. Bahari ilikuwa imejaa kioo kizima.

"Umemaliza?" Mama Asha aliuliza, rimoti mkononi.