Harufu ya Kwetu

Jana jioni mtunza jengo alibisha hodi, jirani wa ghorofa ya juu akiwa nyuma yake kajiziba pua kwa skafu. Wapangaji wamelalamika, akasema kwa upole: chakula cha kwetu kinanuka mpaka kwenye lifti. Cha kwetu! Mezani palikuwa na mtungi wa kabichi chachu, Sauerkraut, na hapa ni Ujerumani.

Uchungu wangu hauwezi kueleweka bila maelezo. Kabichi unaikata nyembamba, unatia chumvi, gramu 20 kwa kilo, unaifikicha mpaka itoe maji yake yenyewe, kisha unaishindilia mtungini na kuigandamiza kwa jiwe safi izame kabisa. Hamira hutii. Bakteria wamo majanini tangu shambani, wanasubiri. Wanaanza Leuconostoc, watu wa fujo: wanakula sukari, wanatoa gesi, povu linapanda, mtungi unacheua usiku kucha. Asidi waliyoitengeneza wenyewe ikizidi, inawamaliza, na Lactobacillus wanaoihimili wanashika madaraka. Mapinduzi hayo yanafanyika jikoni kwangu, nami nimevuta kiti natazama! Harufu ya siku za mwanzo ni salfa ya kabichi yenyewe, haijatoka Afrika.

Nikamfunulia yule bibi wa skafu. Akainama, akanusa, akatikisa kichwa.

"Hii siyo. Yetu hainuki hivi."

Yenu iko kwenye kopo, mama.

Kapteni James Cook aliipakia kabichi hii hii melini mwaka 1768 kuwakinga mabaharia na kiseyeye. Wakaikataa. Akaagiza iandaliwe kila siku kwenye meza ya maofisa, na haukupita muda wakaigombea hadi ikabidi wapimiwe. Kabichi ni ile ile, meza tu ndiyo iliyobadilika. Ningekuwa naitwa Müller, bibi angeshuka na bakuli. Bwana wa chini anayeyusha jibini ambayo harufu yake inanifuata mpaka kitandani, na sijasikia aliyemgongea mlango.

Ya kifuniko kilichoruka kule stoo na kulowesha baiskeli ya watu, tuyaache. Ya ukungu pia.

Mtungi sasa uko kabatini, umevikwa blanketi. Dirisha nimeliacha wazi kama nilivyoagizwa, nakula ugali na kabichi nikiwa na koti, na hita ninayoilipia kila mwezi inapasha joto maegesho ya magari.