Muscat Hakusengenyeki

Mungu aliyeninyima fedha alinijalia kulalamika. Nilianza utotoni ndani ya daladala za Mwanza, nikakomaa kwenye foleni ya kivuko. Nilipopata nafasi ya kusoma Muscat, kilichonifurahisha zaidi hakikuwa ndege wala chumba chenye kiyoyozi. Ni ile faragha ya ughaibuni: unamteta mtu kwa Kiswahili mbele ya pua yake, naye anakutabasamia.

Jumamosi moja tukapanga kutembea: mimi, Mpemba mmoja na binti wa Mombasa. Dereva wa teksi akataja rial sita. Rial moja ni zaidi ya shilingi elfu sita za kwetu, kwa hiyo kichwa changu kilipiga hesabu na moyo ukapiga kelele. Binti wa Mombasa akaninong'oneza, "Huyu mzee atuona wageni. Ataka kutuchuna ngozi."

Mzee akaweka sawa kofia yake ya kushonwa kwa mkono, akamtazama kwenye kioo. "Siwachuni, mwanangu. Toka Al Khoud mpaka msikitini si karibu. Haya, leteni nne."

Tukanyamaza kama tuliomwagiwa maji. Mpemba ndiye aliyetufafanulia, tena kwa kuchelewa: teksi Oman huendeshwa na raia, na raia si wachache waliozaliwa Unguja, au wenye bibi aliyezaliwa huko. Kisha yeye na mzee wakaanza kuulizana koo. Walipofika kwa ami wa tatu, tulikuwa tumekwisha kupita mlango wa msikiti.

Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, wasio Waislamu mwisho wao ni saa tano asubuhi. Tulifika saa nne na nusu. Wenzangu hawakuwa na haraka, ibada ni yao. Mkristo ni mimi, wa kukimbia ni mimi. Ndani kuna zulia la tani 21, lililofumwa na wanawake mia sita kwa miaka minne, lenye mafundo bilioni 1.7. Sikulikanyaga. Wageni tumetandikiwa zulia jingine juu yake, tupite hapo hapo. Nyumbani mama naye hufunika makochi kwa vitambaa wageni wasiyachafue. Kumbe ni desturi ya kifalme.

Saa saba mchana tulikuwa Muscat ya zamani, na jua lilikuwa limetukalia utosini. Shuleni tulikariri kwamba mwaka 1840 Seyyid Said alihamishia makao yake Unguja, na sababu tuliyoandika kwenye mtihani ilikuwa biashara na karafuu. Nilisimama dakika kumi mbele ya kasri la Al Alam na nikajua mwalimu alituficha. Yule bwana alikimbia joto.

Kasri tuliliona kwa nje ya geti. Ngome ya Jalali, kazi ya Wareno wale wale waliojenga Fort Jesus ya Mombasa, nayo tuliiangalia kwa chini, shingo zimetukakamaa. Binti wa Mombasa akashika kiuno. "Yetu sisi walipa, waingia, wapanda juu, wapiga picha. Hapa twaja kuangalia milango?" Askari aliyekuwa kivulini akacheka. Sijui alicheka nini, lakini kwa siku ile sikuthubutu kudhani.

Tukaenda soko la Mutrah kununua ubani. Limefungwa, wenyewe wamekwenda kulala mpaka saa kumi. Njaa ikatupeleka barabarani, ambako nilikaribishwa kwa heshima zote kula chakula cha Waomani. Kikaletwa: mishkaki. Nimevuka bahari nzima kuja kula kitu ninachokula nyumbani Kirumba kila Ijumaa, na hapa kinauzwa kwa rial.

Alasiri tukaketi ufukweni Mutrah kusubiri soko. Lalamiko la siku nzima lilikuwa limenijaa kifuani, na pembeni kulikuwa na bibi mmoja mwenye buibui. Nikaona nisifanye kosa tena. Nikalalamika kwa Kisukuma: teksi, zulia, jua, geti, mishkaki, yote. Nilisema kwa ufasaha ambao marehemu babu angeutolea ng'ombe.

Nilipomaliza, wenzangu walikuwa wanachezea simu. Hakuna aliyeguna wala kusema "pole". Nikagundua lalamiko lisilosikiwa ni kama pilau bila chumvi. Basi nikarudia lote kwa Kiswahili.

Bibi akageuka. "Ndiyo hayo tu?"

"Shikamoo, bibi," nikasema, nimetahayari.

"Marahaba, mwanangu. Sasa nisikilize."

Akaanza. Yeye ni mzaliwa wa Unguja, amekuja hapa miaka ya sabini, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi na kuwaita watu wake warudi. Viyoyozi vya kuhesabu. Maembe ya hapa yamesafiri kuliko yeye, nayo yamefika yamechoka. Wajukuu akiwasemesha Kiswahili wanamjibu Kiingereza. Muhogo wa nazi apikiwe na nani? Na magoti, tusimuulize. Alishusha miaka hamsini bila kupumzika, kila lalamiko na mahali pake, mpaka soko likafunguliwa na sisi tukasahau ubani.

Tulipoagana nikampa shikamoo ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya umri. Hii ilikuwa ya ufundi.