Jinsi ya Kuishi Tokyo kwa Ujanjaujanja

Ndugu yangu, hongera kwa viza. Sogea karibu nikunong'oneze ambayo ubalozini hawatakwambia.

1. Usihangaike na kusoma. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida ina herufi 2,136. Watoto wa huko huanza kuzimeza tangu darasa la kwanza, wewe umeshachelewa. Kariri salamu na shukrani, uziseme huku umeinama kidogo. Utasifiwa Kijapani chako mpaka uone haya. Jirekodi, tuma kwenye grupu la familia, kisha nyamaza. Mgeni akikimanya Kijapani kweli, sifa hukatika, na karani wa manispaa huanza kumdai maelezo.

2. Nyumba. Dalali atampigia mwenye nyumba, atashusha sauti akifika kwenye neno "mgeni", halafu atakata simu na kukuomba radhi kwa heshima zote. Wapo wenye nyumba wasiotaka wageni, basi. Ukibahatika kupata, utatoa kilemba kama cha Kariakoo: aghalabu kodi ya mwezi mzima, zawadi ya kumshukuru mwenye nyumba, na hairudi. Toa huku unatabasamu. Ukinuna hupunguziwi.

3. Takataka. Hapa ndipo wasomi wenye shahada tatu hulia. Chupa ya maji haitupwi hivihivi: unavua kifuniko, unachuna lebo, unaisuuza, unaibonyeza. Chupa ina siku yake, na kifuniko na lebo vina siku yao. Za kuungua zina siku zake, zisizoungua zake. Mitaa mingi mfuko sharti upitishe macho, majirani wajue ulikula nini, na uwe nje asubuhi ya siku husika, si usiku wa jana yake. Ukikosea, gari linachukua ya wenzako na kuuacha wako umebandikwa karatasi ya onyo.

Usidhani utautupa njiani. Mapipa mengi ya umma yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sarin kwenye treni za chini ya ardhi mwaka 1995. Wajanja hubeba taka zao mpaka kazini. Wengine huusukumiza mfuko chini ya mifuko ya watu dakika ya mwisho. Mbinu nzuri, ila toa kwanza ile bahasha ya benki: mtaa mzima jina refu vile ni lako peke yako, na bibi wa ghorofa ya chini anajua kusoma.

4. Treni. Behewa litajaa, watu watabanana, na kiti cha pembeni yako kitabaki wazi. Wageni wengine huumia moyo. Wewe nyoosha mabega, upete. Simu tu usipokee: mama akipiga saa 6 mchana wa Newala, Tokyo ni saa 12 jioni na wewe umo ndani ya behewa kimya kama msibani. Mwandikie "niko kikaoni". Atawatangazia majirani kwamba mwanawe ni bosi.

5. Polisi. Atakusimamisha akague namba ya usajili wa baiskeli, kisha kadi ya ukaazi. Kutembea bila kadi hiyo ni faini, hadi yeni 200,000. Ujanja wangu unaishia hapo. Na chai usimtajie.

6. Kwenu ni wapi? Utaulizwa kila wiki, hata ukikaa miaka 20 na kulipa kodi zote. Usipoteze muda kueleza Newala. Sema Kilimanjaro. Kahawa ya jina hilo inauzwa mpaka kwenye mikahawa ya vichochoroni, kwa hiyo kila mtu atafurahi, na kikombe huenda ukalipiwa. Atakayetaka kujua mlima unaonekanaje kutoka dirishani kwenu, mwambie ukweli ulivyo: mara nyingi una mawingu.