Mchwa Msomi

Masjala yetu isisingiziwe. Nilikwenda kutafuta habari za shamba la babu, nikakuta mchwa wamelisoma faili lote, hadi gamba lake. Wasomaji hodari hao! Karani, muungwana, akaniambia nirudi Jumatatu. Ya mwaka gani, hakutaja. Na sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwahurumia mno watu wa Pwani ya Kenya: asiyepeleka dai, Mfalme wa Uingereza akamtunzia ardhi yake. Minazi aliyoipanda babu ingalipo, lakini mnazi hauna muhuri. Kaburi lake limo shambani, ila halina nambari ya faili. Hongereni, mchwa: warithi halali ni ninyi. Karatasi mnazo, tumboni.